Kikapu cha dola 412: kisa cha kihisi cha kasi ya gongo na vikorokoro vyake

"Nibonyeze?"

Ndilo neno la kwanza alilonitamkia, kabla hata ya salamu. Simu mkononi, kidole kinaelea juu ya kitufe cha kulipia, na chini ya skrini jumla inasoma dola 412.

Namwita kaka kwa kuwa amenizidi umri na sote ni watu wa Mwanza, si kwamba tumezaliwa tumbo moja. Ilikuwa Jumamosi ya Oktoba, kwenye uwanja wa watoto viungani mwa Houston ambako najitolea kufundisha upigaji wa besiboli, na jua lilikuwa bado linachoma kama la Kirumba saa saba mchana. Mwanawe wa miaka 14 alisimama nyuma yake, kichwa chini, anachezea nyuzi za glavu.

"Shikamoo anko."

"Marahaba. Mbona baba yako anahema?"

"Amenunua kile kifaa. Sasa anataka kununua na vifaa vya kifaa."

Hapo ndipo kisa chenyewe kilipo. Kifaa chenyewe kilikuwa kimeshalipiwa na kufika nyumbani: kihisi kidogo, ukubwa wake kama kifuniko cha chupa ya soda mara mbili, kinachovishwa kwenye kifundo cha mpini wa gongo kwa raba ya silikoni. Unapiga, kinatuma namba kwenye simu. Kubwa kati ya namba hizo ni kasi ya gongo. Kilichokuwa kwenye kikapu sasa ni vya kuambatana nacho, na nilimwomba anisomee kimoja kimoja.

Magongo mawili ya mazoezi, moja zito na moja jepesi, dola 190. Donati ya chuma ya kuvisha gongoni kabla ya kupiga, 18. Feni ya plastiki, yale mapezi yanayofungwa kwenye gongo ili hewa iligomee, 42. Kifuko kigumu cha kubebea kihisi, 25. Raba ya silikoni ya akiba, 17. Stendi ya simu ya miguu mitatu, 22. Wavu wa kupigia, 68. Glavu mpya, 30.

"Na mpira utaupigia wapi?" nikamuuliza.

"Kwenye wavu, si nimekusomea?"

"Utakuwa umekaa juu ya nini kabla haujapigwa?"

Akarudi kwenye orodha, akapanda, akashuka. Stendi ya mpira, kile kijiti cha kuwekea mpira mbele ya mpigaji, haikuwemo. Mtu kanunua sufuria tatu na mwiko wa kunakshiwa, unga kasahau. Nikamwambia asibonyeze mpaka nije kwake Jumapili.

Kabla sijafika kwenye vikorokoro, inabidi nieleze kwa nini mtu mzima mwenye akili zake, dereva wa lori anayehesabu kila galoni ya dizeli, alifikia kupeperusha dola 412 kwa ajili ya kasi ya gongo. Mtoto alikuwa ametoka ligi ya watoto na kuingia sekondari. Kule chini alikuwa akitumia gongo la inchi 31 lenye uzito wa aunsi 21, yaani kama gramu 595. Wenyewe huliita "toa kumi", kwa sababu aunsi ni pungufu ya inchi kwa kumi. Sekondari hawataki hiyo. Kanuni yao ni toa tatu: tofauti kati ya inchi na aunsi haiwezi kuzidi tatu, kwa hiyo gongo la inchi 32 lazima liwe na aunsi 29 kwenda juu. Hizo ni gramu 822. Kwa mkupuo mmoja mtoto ameongezewa robo kilo kasoro kidogo, na sehemu kubwa ya uzito huo iko mbali na mikono yake, ambako unauma.

Pia magongo hayo lazima yawe na muhuri wa BBCOR, kipimo kilichoanza kutumika vyuoni mwaka 2011 na sekondari mwaka 2012, baada ya magongo ya alumini kuwa yanafyatua mpira kama manati. Kipimo hicho kinalibana gongo la chuma lisiachane sana na la mbao. Kwa hiyo mtoto alipoanza kupiga na mipira ikawa inaangukia miguuni mwa walinzi wa ndani, wale wanaosimama karibu na mpigaji, baba akaona mwana amedhoofika. Hakudhoofika. Alikuwa amebadilishiwa jembe na kuambiwa alime kwa mwendo uleule.

Nimesema "gongo" mara nyingi sasa, na najua wasomaji wa nyumbani wanatabasamu. Huyu kaka ana mama yake Mwanza, na siku moja kwenye simu alimweleza kwa furaha kwamba mjukuu anapiga gongo kila siku jioni, tena gereji, na kwamba yeye baba ndiye anayemnunulia. Bibi alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza kama huko Marekani hakuna polisi. Ilibidi itumwe picha.

Turudi kwenye kihisi. Ni muhimu kujua kinavyofanya kazi, maana ukikijua hicho, nusu ya kikapu inajichuja yenyewe. Kihisi hakiioni ncha ya gongo. Kimekaa huku nyuma, kwenye kifundo, na kinachopima hasa ni jinsi mpini unavyozunguka na kusukumwa. Kutoka hapo kinakokotoa: ikiwa mpini unazunguka kwa kasi hii, na sehemu tamu ya gongo, pale mpira unapogongeka vizuri kuliko kwingine, iko umbali huu kutoka kwangu, basi sehemu hiyo inakwenda maili kadhaa kwa saa. Huo "umbali huu" hakiujui. Kinaambiwa na wewe, pale unapofungua programu mara ya kwanza na kujaza urefu na uzito wa gongo lako. Nitalirudia hili baadaye kwa sababu ndilo lililotuumbua.

Jumapili nikafika. Gereji yao ni ya gari moja, na gari hilo ni la shemeji, ambaye ni muuguzi wa zamu ya usiku na aliniambia mlangoni, bila kutabasamu, kwamba hajali kasi ya nani, gari lake lisiguswe na mpira. Hilo nalo liliingia kwenye uchaguzi wa vifaa kama sharti la kwanza. Tuliweka kikapu mezani upya.

Glavu tuliitoa bila mjadala, mtoto anazo. Kifuko kigumu vilevile. Kihisi kinaishi kwenye droo ya gereji na kinasafiri mita nne; soksi ya zamani inatosha.

Donati ilileta ubishi. Kaka aliona kwenye televisheni wachezaji wakubwa wakiwa wamesimama kwenye duara la kusubiria zamu, gongo limevishwa pete, wanalizungusha. Ni kweli, na ni desturi ya miaka mingi. Aliyeieneza anatajwa kuwa Elston Howard, mdakaji wa New York Yankees, mchezaji mweusi wa kwanza katika timu hiyo mwaka 1955 na mchezaji bora wa Ligi ya Marekani mwaka 1963. Ukivua ile pete, gongo linakuwa jepesi mkononi kama unyoya, na kila mpigaji ataapa kwamba sasa anapiga haraka zaidi. Walipokaa watu na vipimo, tafiti kadhaa zikaonyesha kwamba mara baada ya donati gongo haliongezi kasi, na mara nyingi linapungua. Wepesi uko kwenye hisia, hauko kwenye gongo. Ndiyo maana nilimwambia kaka kwamba kati ya vitu vyote kikapuni, hiki ndicho kinachogombana na kihisi moja kwa moja: umenunua chombo cha kupima ukweli, halafu unakinunulia mwenzake wa kukudanganya kabla ya kupima.

"Lakini ni dola 18 tu," akasema.

Akainunua kimyakimya. Nitakuja kueleza iko wapi sasa.

Feni niliikataa kwa sababu tofauti. Mapezi yanaweka ukinzani wa hewa mwanzo hadi mwisho wa mzunguko, na mtoto mwenye gongo jipya asilolizoea anaanza kusukuma badala ya kupiga; viwiko vinatanuka, bega la mbele linafunguka mapema. Mtu mzima aliyekwisha kuwa na umbo la kupiga anaweza kuitumia kama mazoezi ya misuli. Kwa mtoto huyu, mwezi huo, hapana. Isitoshe namba za kihisi zikiwa na feni hazilinganishwi na chochote.

Magongo ya mazoezi yalikuwa na hoja ya kweli, na hapo nilikaa kidogo. Kupiga kwa gongo zito na jepesi kwa zamu si upuuzi. Coop DeRenne wa Chuo Kikuu cha Hawaii alilifanyia kazi jambo hili kwa miaka, na lililobaki kwenye vichwa vya makocha ni kwamba uzito unaosaidia ni ule ulio jirani na gongo la mchezo, asilimia kumi na kitu juu au chini, si gogo la kupasulia kuni. Sasa gongo la mtoto ni aunsi 29. Asilimia kumi juu ni karibu aunsi 32. Seti aliyochagua kaka ilikuwa ya watu wazima, zito lake ni aunsi 37. Hiyo ni zaidi ya robo ya uzito juu. Kwa dola 190 mtoto angenunuliwa ugonjwa wa kiwiko.

Tukafanya hivi: gongo la mbao la inchi 32 lenye aunsi 31, dola 35 kwenye duka la vifaa vilivyotumika. Ni zito kwa asilimia saba hivi, na uzuri wa mbao ni kwamba haisamehi. Ukigusa mpira pembeni, mikono inakuambia mpaka kwenye meno. Jepesi tulikuwa nalo tayari, lile la zamani la aunsi 21. Ni jepesi mno kwa kanuni niliyoitaja, kwa hiyo nikaliwekea mpaka: mapigo matano mwishoni, hewani tu, bila mpira.

Stendi ya simu, dola 22, nayo ilibaki dukani. Simu tuliifunga kwa raba kwenye ngazi ya kupakia rangi iliyokuwa gereji, nyuma ya wavu, na ikarekodi mwendo wa polepole bila shida. Kama ungekuwa huna ngazi, ningesema nunua.

Wavu ulibaki. Raba ya akiba ikabaki. Na juu yake tukaongeza stendi ya mpira, dola 64. Najua ziko za dola 20. Kichwa cha zile ni plastiki ngumu, na mtoto anayejifunza gongo jipya anapiga stendi mara nyingi kuliko mpira. Ndani ya wiki mbili imepasuka, au anaanza kuiogopa na kupiga juu juu ili asiiguse, na hapo kifaa cha bei rahisi kimemharibu upigaji. Ile ya dola 64 ina koni ya mpira laini juu, ukiigonga inainama na kurudi. Kitako chake ni kizito, hakikimbii. Hapa sikubali ubahili.

Kitu cha mwisho kilikuwa utepe wa gundi, dola 4. Tulibandika mistari miwili sakafuni kwa ajili ya nyayo, msalaba mmoja kwa ajili ya stendi, na alama kwenye nguzo ya stendi kwa kimo cha kiuno cha mtoto. Kaka alicheka, akasema hii si besiboli, ni useremala. Lakini ndio ulioifanya namba ya Jumanne ifanane na namba ya Alhamisi. Mpira ukisogea mbele kwa upana wa kiganja, gongo linaupata likiwa limeshachapuka zaidi. Ukirudi nyuma, linaupata bado linaamka. Mtoto hajabadilika, mpira ndio umehama, na baba anaandika kwenye daftari kwamba leo mwana kapanda maili mbili.

Sasa ile aibu.

Wiki tatu za kwanza namba zilikuwa tamu. Siku ya pili tu kihisi kilisoma maili 61 kwa saa kwa pigo bora, na kaka alinipigia akiwa njiani Oklahoma, ameegesha lori, ananisomea grafu. Nikafurahi naye. Lakini kila Jumamosi nilipomwona mtoto uwanjani, mpira haukuwa mpira wa maili 61. Jicho la aliyezoea linajua. Ulikuwa unatoka vizuri, si vibaya, ila haukuwa na ile sauti.

Ligi tunayojitolea ina rada ndogo ya mkononi, inayotoshea mfuko wa koti. Nikaiazima usiku mmoja. Rada haipimi gongo, inapima mpira unaotoka, na kwenye mpira uliotulia juu ya stendi hesabu yake ni nyepesi ajabu. Mwanafizikia Alan Nathan wa Chuo Kikuu cha Illinois ndiye aliyeieneza kwa watu wa besiboli: kasi ya mpira unaotoka ni kama moja ya tano ya kasi uliyokuja nayo, ukijumlisha kasi ya gongo mara moja nukta mbili. Mpira wa stendi haukuja na kasi yoyote. Inabaki gongo mara 1.2, na hiyo ni pale tu ulipougusa barabara katikati. Gongo la maili 61 lilipaswa, katika mapigo mazuri, kutoa mpira wa maili 73.

Kaka alisimama pembeni, karibu na mlango, akaelekeza rada. Mapigo kumi. La juu kabisa: 62.

Kimya. Mtoto alimwangalia baba, baba aliangalia rada kama mtu anayeangalia mizani ya mchuuzi wa samaki.

Kosa la kwanza lilikuwa la pale alipokuwa amesimama. Rada inasoma sehemu ya mwendo inayoelekea kwake au kumkimbia. Ukisimama pembeni inakula namba. Pembe ya nyuzi 20 inakupunguzia asilimia sita, na yeye alikuwa zaidi ya hapo. Nikamhamishia nyuma ya mpigaji, kwenye mstari wa mpira na wavu, mbali na gongo. Mapigo kumi tena. La juu: 67. Afadhali, lakini bado si 73.

Ndipo nikamwomba mtoto afungue ile programu na kunionyesha gongo alilojaza.

"Thelathini na nne, thelathini na moja," akasoma.

"Gongo lako ni inchi ngapi?"

Akaligeuza. Namba iko pale pale kwenye kifundo, imechorwa, ila imefunikwa na raba ya silikoni tangu siku ya kwanza. Akaivuta raba, ikatoka na sauti kama ya kung'oa kiatu kwenye tope. 32.

Hakuna aliyedanganya. Baba alijaza programu kabla gongo jipya halijafika, akaandika vipimo vya gongo alilolipenda dukani. Sehemu tamu huhesabiwa kama inchi sita hivi kutoka nchani. Kwa gongo la inchi 34 iko inchi 28 kutoka kwenye kifundo, kwa la 32 iko inchi 26. Programu ilikuwa inazidisha kwa umbali usiokuwepo. Gawanya 26 kwa 28, zidisha kwa 61, unapata 57 kasoro. Na 57 mara 1.2 ni 68. Rada ilikuwa imesoma 67. Tulipobadilisha vipimo, kihisi na rada vikaanza kusema lugha moja, na mtoto, ambaye ndiye peke yake aliyepoteza maili nne usiku huo, akawa ndiye wa kwanza kucheka.

Kwa hiyo ukiniuliza katika kisa hiki ni kikorokoro gani kilichostahili zaidi, nitataja ile rada ambayo hata hatukuinunua. Simaanishi kila nyumba iwe nayo; zile ndogo zinazoaminika zinagharimu kuliko kihisi chenyewe. Iazime. Mara moja mwanzoni, mara moja kila mwezi. Kihisi ni mzungumzaji mzuri na hakinyamazi, kila pigo kina la kusema, kwa hiyo kinahitaji shahidi wa pembeni asiyejua kimesema nini.

Kuna jambo dogo la mkono ambalo nusura litufanye tununue tena. Mtoto ana tabia ya kulaza kidole kidogo juu ya kifundo, nusu ndani nusu nje, kama wanavyofanya wapigaji wengi. Raba ya silikoni inakinenepesha kifundo, na kidole hakikuwa na pa kukaa. Mkono mzima ukapanda mpini kwa kama sentimita moja na nusu. Baba alitaka kutafuta aina nyingine ya kishikizi. Nilimwambia aache kwanza, nikamwambia mtoto apige wiki moja akiwa ameshika juu, raba iwepo isiwepo. Akazoea. Alichogundua yeye mwenyewe ni kwamba akishika juu kidogo gongo zito linamtii mapema zaidi, na sasa hata raba ikivuliwa mkono unabaki palepale. Raba ya akiba ilitumika Desemba, ile ya kwanza ilipochanika ukingoni na kihisi kikaanza kulegea. Kikilegea kinaruka mapigo, unapiga kumi kinahesabu saba, na saba hizo zina mitetemo isiyo ya gongo. Dola 17 zilizotumika vizuri.

Wakati huo kaka alikuwa ameshaambukizwa namba za wakubwa. Mei 2024 MLB, ligi kuu ya kulipwa, ilianza kuweka hadharani kasi ya gongo ya kila mpigaji, inayopimwa kwa kamera za uwanjani. Wastani uko kwenye maili 72 kwa saa, kama kilomita 116. Mwaka huo Giancarlo Stanton wa Yankees alikuwa juu ya wote, karibu maili 81. Alikuja na jina hilo kama mtu aliyeleta ushahidi mahakamani.

"Sasa angalia mkiani," nikamwambia.

Mkiani, kwenye maili 63 hivi, alikuwa Luis Arráez. Huyu bwana alikuwa bingwa wa wastani wa upigaji, yaani mara anazofanikiwa kupiga, miaka mitatu mfululizo, 2022, 2023 na 2024, akiwa na timu tatu tofauti: Twins, Marlins, Padres. Anapiga polepole kuliko karibu kila mtu na hakosi. Sikumwonyesha ili adharau kasi. Mpira wa Stanton ukitoka unatoka, na kila maili ya gongo inazaa maili na robo kasoro ya mpira. Nilimwonyesha kwa sababu alikuwa ameanza kumkemea mtoto kwa pigo lililosoma 55 hata kama mpira ulikwenda moja kwa moja katikati ya wavu. Kuanzia hapo daftari likapata safu ya pili: kasi, na pembeni yake alama ya vyema kama mpira umegonga kitambaa chekundu alichokishona shemeji katikati ya wavu. Ndiyo, shemeji. Alisema kama gari lake linahatarishwa, bora kuwe na shabaha.

Mazoezi yalikuwa mara tatu kwa wiki, mapigo 30: kumi ya mbao, kumi na tano ya gongo la mchezo, matano hewani ya lile jepesi. Kihisi kilivaliwa kwenye gongo la mchezo tu. Mwanzoni mtoto alikuwa anakihamisha kila gongo bila kubadilisha vipimo, na unaweza kufikiria namba zilivyokuwa. Uwanjani kwenye mechi hakiendi. Kila ligi ina kanuni zake kuhusu vitu vinavyobandikwa kwenye gongo na sikutaka mtoto atolewe nje na mwamuzi kwa ajili ya grafu ya baba.

Januari, wiki ya majaribio ya timu ya shule, pigo bora kwenye kihisi lilikuwa maili 60, vipimo vikiwa sahihi. Rada, baba akiwa nyuma ya mpigaji safari hii bila kuambiwa, ilisoma 71. Kutoka 57 hadi 60 katika miezi mitatu, kwa mtoto ambaye pia amerefuka sentimita mbili na anakula wali kama kuna msiba, siwezi kusema ngapi ni za mazoezi na ngapi ni za sahani. Alipata nafasi kwenye kikosi cha mwaka wa kwanza.

Hesabu ya mwisho ya kikapu ilikuwa wavu 68, stendi ya mpira 64, gongo la mbao 35, raba 17, utepe 4. Jumla dola 188. Na 18 za donati, ambayo sasa inaning'inia kwenye msumari wa gereji. Shemeji anaipachikia funguo.

Wiki iliyopita mtoto ameanza kuulizia gongo la inchi 33. Baba yake akanitumia ujumbe wa sauti, nyuma unasikika muungurumo wa lori: "Mdogo wangu, nimekwisha mwambia. Kabla gongo halijatoka kwenye boksi, kwanza abadilishe inchi."